Mwekezaji Mwenye Saruji Kwenye Nyusi

Jumatatu, 3 Machi
Viza inakwisha mwezi huu! Lakini dawa nimeipata: viza ya mwekezaji. Nimenunua nyumba ya vyumba viwili, paa linavuja, kwa akiba ya mke wangu. Kauliza ombi likikataliwa itakuwaje. Nimemwambia asinitie nuksi. Baba mkwe nimeshampigia simu, ajue mkwewe ana majumba ugenini.

Jumanne, 4 Machi
Uhamiaji. Afisa, mama mmoja mkavu, kasema kununua nyumba kisha kulala si uwekezaji. Lazima niendeshe shughuli: niajiri wenyeji, nikarabati, nipangishe. Ijumaa anakuja kukagua. Kulala! Nani kamwambia?

Jumatano, 5 Machi
Nimemwajiri fundi, mwenyeji. Ana dharau! Kaniambia nikae mbali na ngazi. Nikamkumbusha bosi nani. Kasema bosi ni yule anayeleta misumari. Nikaenda. Nimeleta isiyofaa. Kacheka mpaka kakaa chini.

Alhamisi, 6 Machi
Wazo! Afisa akimkuta fundi anachapa kazi nami nimesimama tu, si atasema nimelala? Nimempa fundi likizo ya kesho, kwa malipo. Katoweka kabla sijabadili nia. Mke wangu kasema nitajiponza. Hajui biashara, maskini.

Ijumaa, 7 Machi
Nimevaa ovaroli. Saruji mpaka kwenye nyusi. Afisa kanikuta juu ya ngazi, natweta. Kauliza nani anafanya kazi hapa. Mimi! Peke yako? Peke yangu, hata ukuta wa jirani naziba! Kaandika sana. Kwisha habari yao!

Jumatatu, 10 Machi
Ombi limekataliwa. Eti mwekezaji huajiri na kusimamia. Mimi nimekutwa nafanya kibarua bila kibali, na mwajiriwa hata mmoja hakuonekana. Tuondoke kabla mwezi haujaisha. Nyumba kainunua fundi, kwa nusu ya bei. Mke wangu kajifungia bafuni, kafungulia bomba ili nisimsikie akilia. Nimemsikia. Imeniuma sana.

Jumamosi, 29 Machi
Tuko kwa baba mkwe, chumba cha wageni. Mke wangu hanisemeshi. Lakini Mungu hamtupi mja wake! Shemeji, mdogo wake wa mwisho, kauza kiwanja chake, anataka viza ya mwekezaji. Kaniomba nimwongoze, maana mimi ndiye mzoefu. Nimekubali. Nimempa sharti moja tu: dada yake asijue.