Nilivyopeleka Udongo Mzuri Kupimwa

Leo nimeaibika mbele ya mkwe wangu. Nawaandikia mapema kabla mke wangu Mama Simiyu hajawapigia wake zenu simu, maana yeye akisimulia huongeza chumvi. (Hii haihitaji chumvi.)

Mnajua nina mitufaha hapa kijijini Kwanza, pale nilipoacha kulima mahindi. Siku hizi majani yake yanageuka manjano katikati ya mishipa, na matunda yanabaki madogo kama ndimu. Mama Simiyu amechoka. Aliniambia wazi: "Bibi shamba akija atusomee majibu ya udongo. Kama udongo ni mzuri na miti bado ni migonjwa, basi kosa ni la miti. Tunaing'oa, tunarudisha mahindi."

Nilikubali kwa kichwa tu. Miti ile naipenda kuliko mzee wa umri wangu anavyopaswa kupenda mti.

Sasa kosa langu. Bibi shamba wetu, binti anayeitwa Chebet, alikuwa ametufundisha kwenye kikundi chetu cha wakulima jinsi ya kuchukua udongo wa kupimwa. Upite shamba lote ukipinda kama nyoka, uchimbe hapa na pale, uchanganye kwenye ndoo safi, umletee mfuko mdogo. Si kazi ngumu. Nilichukua jembe nikaingia kati ya miti, nikachimba mara moja. Udongo ukatoka mgumu, umepauka kama tofali lililokosa moto. Nikauangalia. Nikajiuliza: huu ndio nitaupeleka mbele ya watu wa maabara wenye makoti meupe?

Kwetu mgeni hupewa firigisi, hapewi shingo. Basi nikaenda nyuma ya zizi la ng'ombe. Pale udongo ni mweusi, laini, unanukia kama mvua ya kwanza. Nikachota huo. Nikatoa vijiti. Halafu nikauchekecha kwa chekeche la unga la Mama Simiyu. (Hilo bado hajalijua. Tafadhali.)

Mfuko nikampa Chebet aupeleke maabara, na leo ilikuwa zamu yetu kukaribisha kikundi. Na mkwe wangu Wanjala, baba wa mke wa mwanangu Simiyu, alitoka Kabuchai kuja kuona, kwa sababu amechoka na miwa na anataka kujaribu mitufaha. Nikamketisha kwenye kiti kizuri. Chebet akasoma majibu.

"Mzee, hongera. Udongo wako umeshiba. Virutubisho vipo tele, asidi si tatizo. Usiongeze kitu."

Watu wakapiga makofi. Mkwe akanipa mkono. Nami badala ya kukaa kimya nikasimama, nikawaeleza wenzangu umuhimu wa kuutunza udongo. (Hotuba. Nilitoa hotuba.)

Nilipoketi, Mama Simiyu akasema taratibu, "Basi ni miti. Kesho Simiyu alete msumeno."

Ndipo nikaelewa. Nilikuwa nimeitolea miti yangu ushahidi wa uongo, na hukumu imeshapita.

Chebet alikuwa ameshika jani, analigeuzageuza. "Lakini hili jani si la udongo ulioshiba," akasema. "Majani ya hivi mimi huyaona kwenye udongo wenye asidi. Mzee, twende unionyeshe mashimo uliyochimba."

Tukaenda, kikundi kizima. Mimi mbele, polepole, kama mtu anayetafuta miwani. Mashimo hayakuwepo. Bahati nzuri fuko alikuwa amepita na kuacha yake.

"Hapa," nikasema, nikionyesha kwa fimbo.

Wanjala akainama, mikono nyuma. "Mkwe, hili si la fuko?"

"Nilianzia pale fuko alipoishia."

"Na lile?"

"Na lile pia."

"Ati fuko amekusaidia shamba zima, bana," mtu akasema nyuma yangu. Sikugeuka kuangalia ni nani.

Mama Simiyu alikuwa amesimama, mkono kiunoni. Nikaona anawaza. Mke wangu akiwaza mbele ya watu, mimi huwa naumia.

"Ngojeni," akasema. "Na lile shimo nyuma ya zizi? Si mimi nimemfunga mbwa kwa kamba nikijua ni yeye anafukua?"

Kila mtu akaniangalia. Chebet akauliza kwa upole, jambo lililoniumiza zaidi: "Mzee wangu, udongo uliutoa wapi?"

"Nyuma ya zizi."

"Kwa nini?"

"Ule wa shamba ulikuwa unatia haya."

Halafu Wanjala, mtu ambaye tangu watoto waoane tunasalimiana kwa heshima tukiangalia kando, akacheka mpaka akashika mti asianguke. "Mkwe," akasema akipangusa macho, "mimi nilikuwa ninaenda kung'oa miwa yangu kwa sifa za ng'ombe wako."

Chebet alinipa jembe. Nikapinda kama nyoka shamba lote, kikundi kikinifuata kama msafara wa arusi, na kila nilipochimba ulitoka uleule udongo uliopauka. Akaniuliza mbolea gani naipa miti. Nikamwambia ile ya kupandia mahindi.

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka. Kwa upendo."

Akasema huenda upendo huo ndio umezidisha asidi, na kwamba pengine tutahitaji chokaa, pamoja na samadi iliyooza vizuri. Lakini hatasema zaidi mpaka udongo wa kweli upimwe.

Nikamwangalia Mama Simiyu. Akaangalia miti, akaniangalia mimi, akahema. "Msumeno ungoje," akasema. "Siwezi kung'oa kitu ambacho hakijapimwa." Udongo akaufunga mwenyewe na kumkabidhi Chebet. Mimi sikuruhusiwa kuugusa mfuko.

Sasa ni jioni na miti imesimama. Nimetoka kuiangalia. Najuta ujinga wangu, lakini nimeshiba na nina furaha, siwezi kuwaficha.

Ndugu zangu, ukienda kupimwa damu, usipeleke ya jirani mwenye afya. Na mkicheka, chekeni polepole. Wanjala analala hapa kwetu, na sasa ndipo ametulia; simu yangu ikilia kwa jumbe zenu, ataanza upya.