Waraka wa Vijumba vya Misonobari

Ilitangazwa kwa umma, kwa furaha na kwa wino wa kijani, kwamba kuanzia tarehe mosi Oktoba Kambi ya Misonobari, iliyo nyuma ya bustani ya burudani ya Mamba Mcheshi katikati ya Florida, haitakuwa tena na wageni. Itakuwa na wamiliki. Mtu aliyezoea kukodi kijumba cha mbao siku tatu, akachoma soseji zake, akapanda treni ya mamba na kwenda zake, sasa ataondolewa adha hiyo. Atanunua wiki moja ya kijumba hicho, ileile kila mwaka, yeye na watoto wake na wajukuu ambao hawajazaliwa, na mpango huo utaitwa Umiliki wa Zamu.

Waraka uliandikwa na Bwana Thurlow Gaskins, Mkurugenzi wa Mageuzi ya Malazi, baada ya vikao kumi na tisa. Kikao cha kwanza kilichagua jina la kamati na cha pili kikalibadilisha. Kikao cha saba kilijadili kama kijumba kinaweza kuendelea kuitwa kijumba ilhali kimeshapanda cheo, ikaamuliwa kiitwe Kitengo cha Mapumziko chenye Hadhi, ingawa mlango wake ungeendelea kukwama mvua ikinyesha. Kikao cha kumi na nne kilipiga marufuku neno "kukodi" ndani ya kambi. Mfagizi mmoja aliteleza akalitamka mbele ya wateja, akapelekwa semina ya siku mbili.

Gaskins alikuwa mtu wa miaka hamsini na mitatu, mwenye kitambi cha wastani, tai yenye picha za mamba na moyo wa dhati. Hili la moyo wa dhati msilidharau. Aliamini kila neno la waraka ule. Lakini alichokipenda kuliko waraka, na pengine kuliko ndugu zake wa damu, kilikuwa Kijumba Namba Moja. Aliishi humo miaka kumi na moja bila kulipa chochote, kwa kile kilichoandikwa kwenye faili kuwa ni "ulazima wa kikazi". Baraza lake lilitazama bwawa. Kila asubuhi korongo wa kijivu alikuja kusimama majini mbele yake, naye Gaskins alimpa jina la Mheshimiwa, akawa anamsomea rasimu za mapendekezo huku akinywa kahawa. Korongo hakuwahi kutoa hoja ya kupinga.

Waraka ulisema vijumba vyote vitageuzwa, bila ubaguzi. Hayo maneno "bila ubaguzi" aliyatia mwenyewe, yalimpendeza masikioni. Kisha, kimyakimya, akajaza fomu nyingine kueleza kwamba Namba Moja ni Kijumba cha Mfano, na kwamba mfano hauaminiki usipokuwa na mtu ndani anayeishi kwa mfano. Makao makuu walikubali kwa sharti moja: wiki ishirini ziwe zimeuzwa kabla ya Novemba kwisha. Zisipouzwa, mradi ungefutwa, Gaskins angerudishwa makao makuu kwenye chumba kisicho na dirisha, na Namba Moja ingepigwa kufuli.

Wanasheria nao wakaleta lao. Kila wiki ya kila kijumba inatakiwa ilipiwe ada ya matunzo, na zile ambazo hazijapata mnunuzi zingekuwa mzigo wa kampuni. Gaskins aliwaza kutwa nzima, kisha akaandika kifungu cha tisa cha katiba ya Umoja wa Wamiliki: "Wiki isiyouzwa itahesabiwa kuwa haipo kwa jambo lolote, na vijumba vyote vitakuwa chini ya uangalizi wa wamiliki waliopo." Kitu kisichokuwepo hakilipi ada. Makao makuu walimpigia simu kumpongeza, na inasemekana mmoja wao alitokwa na machozi.

Mapema Novemba akafika Bibi Verlene Hostetler kutoka Ohio, kama alivyofika kila Novemba kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa dereva wa basi la shule aliyestaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyozoea kusikika hadi kiti cha nyuma. Nyuma yake walikuja wenzake, kaya ishirini na moja za wastaafu, wamepanda vigari vyao vya umeme.

"Karibu sana, mmiliki mtarajiwa," Gaskins alimpokea.

"Mmiliki wa nini, mwanangu? Nipe ufunguo wangu wa kijumba namba thelathini na nane."

"Ufunguo hautolewi tena kwa utaratibu wa zamani, mama. Siku hizi unamilikiwa."

"Haya. Na hii miguu yangu iliyovimba nitailaza wapi?"

"Wewe na wenzako mtapokelewa kama Wageni wa Mpito mwezi huu mzima, kwa sharti la kila kaya kuhudhuria semina elekezi ya dakika tisini. Kutakuwa na kifungua kinywa na zawadi."

Uso wa Bibi Verlene ukachanua. Akageukia vigari. "Jamani, kuna semina! Na mayai yapo!"

Vigari vyote vikapigwa honi. Gaskins akaandika kwenye daftari lake kwamba mwitikio wa wadau ni chanya kupita matarajio.

Masikini, hakujua anacheza na nani. Tangu astaafu, Bibi Verlene alikuwa amehudhuria semina mia moja na kumi na nne za watu wa kuuza wiki, kuanzia mji wa Kissimmee hadi pwani zote mbili za Florida, na hakuwahi kununua hata Jumanne moja. Kibaniko chake cha mkate kilitoka semina. Masanduku yake ya safari yalitoka semina. Krismasi iliyopita watu wa kaya zote ishirini na mbili walikula paja la nguruwe lililotoka semina, na walilisifu.

Siku ya kwanza Gaskins aliendesha semina mwenyewe. Alizima taa, akawasha picha ukutani, akashusha sauti.

"Hebu fikirini," alisema. "Ni kumbukumbu gani mtakazowaachia wapendwa wenu?"

"Hapo sasa unatakiwa unyamaze kidogo," Bibi Verlene alimwelekeza kwa upole, "uangalie sakafu. Yule wa Kissimmee alikuwa ananyamaza vizuri, mpaka unamwonea huruma."

Gaskins akanyamaza. Akaangalia sakafu.

"Ehee, hivyohivyo. Twende."

"Umeruka ukurasa, kaka," alidakia Orrin Pruitt, fundi bomba mstaafu, yai likiwa bado mdomoni. "Ile picha ya familia inacheka ziwani iko wapi?"

"Sisi hatuna picha ya ziwani."

"Hamna?" Wazee wakatazamana kwa masikitiko. "Sasa hii semina gani? Mnatufanyia danganya toto."

Bibi Verlene alikuwa ameweka mezani saa yake ya jikoni. Dakika ya tisini ilipogonga wote waliinuka kwa pamoja, wakamshika Gaskins mkono, wakauliza zawadi zinatolewa dirisha gani. Ikawa hivyo kwa kila kundi, siku baada ya siku. Ilipofika tarehe ishirini na tatu, mayai mia sita yalikuwa yameliwa na wiki zilizouzwa zilikuwa sifuri. Gaskins alianza kunywa kahawa bila kumsomea Mheshimiwa chochote. Alimtazama tu.

Ndipo akatoa waraka wa nyongeza. Wiki za Septemba, mwezi wa vimbunga ambao watu wa Florida hupigilia mbao madirishani na kuhamia kwa shemeji zao, zilipewa jina jipya la Wiki za Upepo wa Kutosha na kushushwa hadi bei ya kutupwa.

Bibi Verlene alikuja ofisini kesho yake.

"Hiyo katiba ya wamiliki unayo hapo?"

"Ipo, mama. Ya nini?"

"Niisome."

"Hakuna mtu anayesomaga katiba."

"Mwanangu, nimekuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi miaka kumi na sita. Bosi akiniambia kitu fulani hakuna anayekisoma, mimi ndiyo naanza kutafuta miwani."

Alikaa nayo siku mbili kwenye baraza la thelathini na nane. Alipofika kifungu cha tisa alicheka mpaka miwani ikaangukia kwenye bakuli la supu. Gaskins, aliyekuwa akipita na kigari chake, alirekodi tukio hilo kama kiashiria cha kuridhika kwa mteja.

"Tunanunua," Bibi Verlene alimwambia Orrin.

"Umechanganyikiwa, dada? Septemba? Tutapeperushwa kama mifuko ya plastiki."

"Nani amekwambia tutakuja Septemba? Sikiliza, Orrin. Marehemu mume wangu Lowell ndiye aliyenipigilia ndoano za taa kwenye hili baraza. Kila Novemba tunapamba vigari, tunazunguka kambi nzima tunaimba vibaya, halafu narudi Ohio nina nguvu ya kuumaliza mwaka. Mimi sitaki wiki ya milele. Naitaka Novemba yangu, na hawa wameniletea karatasi ya kuipata."

Tarehe ishirini na saba Umoja wa Wamiliki ukapata wanachama ishirini na wawili kwa mpigo. Gaskins alitia mhuri mpaka mkono ukafa ganzi. Jioni hiyo alimpa Mheshimiwa dagaa wa mkebe na kumwambia kwamba wataishi pale hadi uzee. Alisema kwa sauti, na hakuona haya.

Mkutano mkuu wa kwanza uliitishwa siku ya mwisho ya mwezi, ukumbi wa chakula, kila kaya na sufuria yake. Gaskins aliandaa ajenda nne: kufungua, hotuba ya Mkurugenzi, kuishukuru hotuba ya Mkurugenzi, kufunga. Kabla hajasafisha koo, Orrin alimpendekeza Bibi Verlene awe mwenyekiti, na mikono ishirini na miwili ikapanda juu.

"Kwa mujibu wa taratibu," Gaskins alisema akitabasamu, "kampuni ina wiki zaidi ya elfu mbili, hivyo kura zetu ndizo..."

"Zimeuzwa?"

"Mchakato unaendelea."

"Basi hazipo. Kifungu cha tisa. Hongera, umekiandika vizuri, sina hata koma ya kuongeza." Bibi Verlene akafunua ukurasa. "Na kifungu hichohicho kinasema vijumba viko chini ya uangalizi wetu sisi tuliopo. Azimio la kwanza: siku zote zisizo na mmiliki, vijumba vikodishwe kwa mtu yeyote, kwa siku, kama zamani. Wanaokubali?"

Mikono ikapanda. Mfagizi aliyesimama mlangoni alipiga makofi, kisha akajifanya anafukuza nzi.

"Azimio la pili. Kijumba Namba Moja kiingie kwenye zamu."

Gaskins alisimama ghafla, kiti kikaanguka. "Hapana. Hicho ni Kijumba cha Mfano."

"Waraka wako unasemaje, mwanangu?"

"Unasema... vijumba vyote."

"Malizia."

"Bila ubaguzi," Gaskins alisema, kwa sauti ya kwenda chini.

Alitoka nje kupiga simu makao makuu. Walimpokea kwa shangwe. Lengo lilikuwa wiki ishirini, yeye ameuza ishirini na mbili, mageuzi yamekamilika kabla ya muda. Na kwa kuwa mageuzi yamekamilika, kampuni haikuona sababu ya kuendelea kuwa na Mkurugenzi wa Mageuzi. Kuhusu kifungu cha tisa, wanasheria wamekipitia mara tatu na hakina mwanya wa kukipinga. Barua ya kumshukuru ilikuwa njiani.

Aliporudi ukumbini, watu walikuwa wanapakua viazi. Akasimama katikati yao akiwa na tai yake ya mamba, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akazungumza kama binadamu.

"Nimekaa pale miaka kumi na moja," alisema. "Sina kwingine ninapopapenda. Naombeni."

Ni kweli kwamba Bibi Verlene alimhurumia. Nani asiyejua kupenda baraza? Lakini alikuwa mwenyekiti, na ajenda ilikuwa mbele yake.

"Hatumfukuzi mtu, Thurlow. Milango iko wazi kwa kila mmiliki mtarajiwa. Kesho saa tatu asubuhi kuna semina. Njoo ule mayai."

Gaskins alifika saa mbili na nusu. Alikaa kiti cha mbele peke yake, magoti yamebanana, sahani mapajani. Bibi Verlene alitega saa yake, akashusha sauti.

"Hebu fikiria," alianza. "Ni kumbukumbu gani..."

"Nauziwa wapi, mama?"

"Dakika hata mbili hazijapita. Kula kwanza."

"Nionyeshe pa kutia sahihi."

Katika semina mia moja na kumi na tano alizoziona, Bibi Verlene hakuwahi kukutana na mteja wa namna hii, na akajisikia vibaya kidogo. Akamsogezea karatasi za Namba Moja, wiki ya pili ya Septemba, kwa kuwa nyingine wanachama walikuwa wamepigiana kura asubuhi na kuzigawana. Gaskins alitia sahihi kila ukurasa bila kusoma. Akakumbushwa kwamba sheria inampa mnunuzi siku kumi za kujuta na kurudisha alichonunua. Alikijua kifungu hicho, maana yeye ndiye aliyeagiza kichapwe kwa herufi ndogo kuliko zote.

"Hizo siku kumi," aliuliza, "naweza kujuta nikiwa nimekaa pale barazani?"

Bibi Verlene alimwelewa kabisa. Akamwambia ombi hilo aliwasilishe kwa maandishi, nakala tatu, nalo litazingatiwa na kikao kijacho cha bodi, mwakani.