Fundi Milimita na Suruali ya Safari

Redio ya Mama Birika ndiyo iliyoleta balaa. Ilikuwa imetundikwa msumarini juu ya jiko la kahawa, ikikoroma kama kawaida yake, mara ikatoa habari: abiria mmoja kazuiwa uwanja wa ndege kwa kubeba mkasi wa kushonea kwenye mkoba wa mkononi. Basi. Habari yenyewe haikufika hata funda moja la kahawa, lakini Fundi Milimita alipaliwa.

Na angeachaje kupaliwa? Fundi wa nguo huyu, aliyeitwa Milimita kwa sababu hamsamehe mteja hata milimita moja, siku hiyo ndiyo alikuwa anapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani. Kitinda mimba wake anaolewa Jumamosi, huko mbali. Gauni la harusi lilikuwa mapajani mwake, limefungwa kwenye shuka nyeupe. Lilibakia pindo tu, maana pindo halikatwi mpaka bi harusi asimame na viatu vyake.

"Umesikia, Fundi?" akaanza Waya, fundi redio wa kibanda cha jirani, mtu ambaye habari haimpiti bila kutiwa chumvi. "Wamemvua mpaka soksi!"

"Hawajasema hivyo," Mama Birika akamkata.

"Bado. Subiri habari za mchana."

Milimita akajikaza kisabuni. "Mimi si mshamba. Mkasi, sindano, nyembe, vyote vimo kwenye begi kubwa." Akalipigapiga. Zipu yake ilikufa zamani, kwa hiyo alilishona mdomo mzima kwa uzi wa turubai, mshono juu ya mshono, mwizi apate tabu.

Kepteni, dereva wa teksi aliyekuwa anamalizia kikombe ili wang'oe nanga na Fundi, akacheka puani. Huyu aliitwa Kepteni kwa sababu anaegesha gari uwanja wa ndege. Kupanda hajapanda, ndege anazijua kwa matumbo tu.

"Begi si kitu, Fundi. Tatizo ni wewe. Pale kuna mlango, ukipita na chuma, hata kama ni kidogo kama chawa, unapiga kelele mji mzima usikie."

"Mimi nina chuma gani?"

Wote wakamtazama kifuani. Ukosi wa koti lake ulikuwa umejaa pini za kazi, zimesimama kwa mstari.

"Hizi? Hizi ni pini tu!"

"Pini tu! Umebeba jeshi zima kifuani halafu unasema pini tu!"

"Kwani pini zimekatazwa?" Mama Birika akauliza. "Redio imesema mkasi."

"Mama, wewe chemsha kahawa. Mambo ya anga tuachie sisi," Kepteni akasema. "Fundi, wakikurudisha, mwanao atasimama mbele ya watu kajifunga shuka."

Hilo lilimwingia. Milimita akaona kabisa bi harusi analia na wakwe wanachungulia. "Sasa nifanyeje, jamani?"

Waya keshachomoka. Akarudi na sumaku la spika kubwa kama sahani. "Simama. Mimi ndiye mlango."

Lo! Pini ziliruka kama zimeitwa kwenye pilau. Za ukosini, za mikononi, za kofiani, moja ikatoka soksini.

"Hii ya nini?"

"Ya koti la mwalimu mkuu."

"Si alishastaafu?"

"Koti bado liko kwangu."

Sumaku likapitishwa juu ya gauni. Haikutoka hata pini moja.

"Hilo ni la mwanangu," Milimita akasema, sauti imemlegea. "Nitaachaje pini kwenye nguo ya kugusa mwili wake?"

Waya akateremka kiunoni.

"Hapo acha!" Milimita akaruka.

"Niache nini? Hapa ndipo penye mzigo!"

Akavuta. Pini zikatoka kwa fungu, na suruali ikaenda chini mpaka kwenye viatu. Mama Birika akajifunika uso kwa kitambaa cha kushikia birika, jicho moja akaliacha nje.

"Fundi! Suruali haijashonwa?"

"Nilikuwa na kazi za watu!"

"Tangu lini?"

Milimita akaipandisha haraka. "Niliikata kwa ajili ya harusi yangu."

"Haa! Na mkeo anajua?"

"Anajua. Ndiyo maana hanikumbatii kiunoni."

"Kinyozi hajinyoi," Mama Birika akasema, "lakini wewe umezidi."

"Nipeni sindano, naishona sasa hivi!"

"Sindano ziko wapi?"

Wote wakalitazama begi.

"Si ulifumue!"

"Kwa mkasi gani?"

Wakalitazama tena. Waya akalichokonoa kwa bisibisi, likagoma. Kisu cha Mama Birika kikateleza. "Umeshona nini hapa, Fundi?"

"Nimeshona kazi!" akajibu kwa maringo, suruali ikamponyoka, akaiwahi magotini.

"Chukua mkanda wangu," Waya akasema.

"Mkanda pale unavuliwa," Kepteni akasema, huku anawasha gari. "Twende, ndege haimsubiri mtu."

"Mkono si ninao?" Milimita akasema. Akaingia garini kama bwana mkubwa, gauni mkono huu, suruali mkono huu. Walipokata kona alishaanza hata kupiga mluzi. "Kumbe jambo dogo! Napita hivi hivi."

Kepteni akapunguza mwendo. "Fundi, pale gauni unaliweka kwenye trei."

"Naliweka."

"Halafu unasimama kwenye alama."

"Nasimama."

"Halafu..." Kepteni akaitupia jicho suruali. "Halafu wanakwambia unyanyue mikono. Yote miwili."

Mluzi ukafa.

"Geuza gari!" Milimita akapiga kelele. "Geuza, nikachukue pini zangu! Bora mlango ulie kuliko alie mwanangu!"

Hawakufika hata kijiweni. Mama Birika alikuwa amesimama kando ya barabara, sumaku mkononi, pini zote juu yake.

"Chukua," akasema. "Redio imesema mkasi."