Sarmale za Mzee Pamfil

Jumatatu, 6 Oktoba

Sahani ya Mzee Pamfil imerudi jikoni kama ilivyokwenda. Haijaguswa! Tangu Alhamisi hii ni mara ya tano. Mimi, Anghel Buzdugan, niliyepika harusi zaidi ya mia mbili kabla magoti hayajanisaliti nikaja kupika katika nyumba hii ya wazee, narudishiwa chakula na mtu asiye na jino hata moja.

Nina wazee tisa wasioweza kutafuna wala kumeza sawasawa. Chakula chao lazima kiwe laini kabisa. Sawa. Natia nyama, viazi, karoti na njegere ndani ya mashine, nasaga vyote pamoja, napakua. Kuna ugumu gani? Leo Mzee Pamfil, dereva wa treni wa zamani ambaye kiharusi kimemlaza nusu ya uso, aliitazama sahani kwa muda. Kisha akaniuliza, neno moja moja, kama nimekuja kumlisha au kumpiga lipu.

Lipu!

Linaloniuma zaidi: jana jioni alikula chakula cha Veturia. Chote. Veturia ndiye mpishi wa zamu ya jioni. Leo alipoingia zamu aliniwekea ile sahani tupu mezani, mbele ya pua yangu, bila kusema neno. Mwanamke huyo ana namna ya kunyamaza inayotukana.

Otilia, mtaalamu wetu wa mambo ya kumeza, binti wa miaka thelathini tu, amesema Mzee amebaki kilo hamsini na moja. Asipoongezeka hadi Jumatatu ijayo, atapelekwa hospitali awekewe mpira wa kulishia. Mlo mmoja wa Veturia kwa siku hautoshi, amesema. Nikajua napigwa dongo. Nikamwambia tatizo ni mzee. Akasema tatizo ni rangi ya chakula changu.

Mpango: Veturia ana siri. Kesho nitaijua.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimemaliza zamu saa nane. Nikaaga kwa sauti kubwa ili kila mtu asikie. Kisha nikazunguka, nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikajificha stoo nyuma ya pipa la kuchachushia kabichi. Nikachungulia kwenye ufa wa mlango.

Nilichokiona: malenge yanapikwa peke yake. Kuku peke yake. Viazi peke yake. Anasaga kimoja, anaosha mashine, anasaga kingine. Halafu kila kimoja anakipitisha kwenye chujio, anasukuma kwa mwiko, taratibu, kama mtu asiye na nyumba ya kurudi. Kupoteza muda kulioje! Kila kitu anakionja kwa kijiko kidogo akiwa amefumba macho. Hapo ndipo nilipoinamisha kichwa nione vizuri zaidi, maana bila shaka ndipo anaposoma dua yake ya siri juu ya chakula.

Hakusoma kitu. Alikuja kuchukua kabichi.

Akanikuta nimeketi juu ya ndoo ya matango ya siki, magoti yamegoma, siwezi kuinuka. Akanitazama kwa raha zake.

“Anghel wee, na wewe umeingia humu kuchacha?”

Aliwaita wauguzi wawili wanivute. Mmoja alikuwa anacheka kiasi kwamba alinivuta upande wa pili.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeamka na jibu. Umbo! Mzee hataki uji, anataka kitu chenye sura. Nikasaga samaki, nikachanganya na jelatini, nikamimina kwenye kile chombo chenye umbo la samaki. Baada ya saa nne akatoka samaki mzima, anang'aa! Magamba ya vipande vya karoti. Jicho la zeituni. Nilipompitisha ukumbini hata wazee wanaosinzia waliinua vichwa.

Otilia akanisimamisha mlangoni. Akachota kipande, akakitia kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, akasema hilo ndilo joto la mdomo. Tukangoja. Samaki wangu akayeyuka akawa maji matupu. Akanieleza kwamba Mzee hawezi maji mepesi: yanakimbia kabla koo halijajifunga, yanaingia njia ya hewa, yanashuka mpaka mapafuni. Ndiyo maana hata maji yake ya kunywa tunatia ule unga wa kuyafanya mazito. Nikasema najua. (Nilidhani ule unga ni vitamini.)

Kisha akachomoa lile jicho, akaliinua kwa vidole viwili.

“Baba Anghel, hili jicho umeliweka limwangalie nani akikata roho?”

Samaki kaliwa na wauguzi. Veturia aliongeza mara mbili. Alisema kwa watu wenye meno anafaa.

Alasiri aibu nyingine. Otilia aliniketisha kitini, akaniambia nikalie mikono yangu, akampa Veturia kijiko anilishe. Chakula gani? Kile changu cha Jumatatu, kimetolewa kwenye friji! Veturia alisimama, kwa hiyo ilinibidi kuinua kidevu juu kama kifaranga. Kijiko kikubwa. Sijameza la kwanza, la pili limeshafika. Nilitaka kupiga kelele, ila mdomo umejaa lipu. Macho yakanitoka machozi, nikaogopa kweli kweli. Otilia akasema hivyo ndivyo nilivyomlisha Mzee Ijumaa iliyopita.

Baadaye Veturia akaketi, uso wake usawa mmoja na wangu. Kijiko kidogo. Akasema, “Haya ni malenge.” Akangoja mpaka nimemeza.

Yalikuwa matamu. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumatatu ya kupimwa haiko mbali. Sikati tamaa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Leo nimefanya jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nimemuuliza Mzee Pamfil anataka kula nini.

Ilichukua muda. Mdomo ulihangaika, mkono mzima, ule usiopooza, ukawa unagonga meza. Mwisho likatoka: “Sarmale.” Jicho lake moja likalengalenga machozi.

Kumbe! Vifurushi vya kabichi chachu, ndani nyama na wali, vimechemka polepole na nyama ya moshi tangu asubuhi. Hakuna harusi bila hivyo, hakuna Krismasi. Naye hajavionja tangu kiharusi, miaka mitatu! Na nani katika bonde zima la mto Mureș anazipika kunishinda mimi? Nikapika sufuria nzima. Harufu ilifika mpaka barabarani.

Kumpa kifurushi kizima, hapana. Mimi si muuaji. Lakini mchuzi! Kijiko kimoja cha mchuzi kimdhuru nani? Otilia alikuwa jengo la pili. Nikaingia na kibakuli chini ya aproni.

Alifumba macho. Nusu ya uso ikatabasamu.

Kisha akapaliwa. Kikohozi kidogo, kikubwa, halafu hakuna sauti kabisa. Uso ukawa mwekundu, kisha rangi nisiyotaka kuiandika. Nilisimama na kijiko mkononi kama sanamu. Veturia, aliyekuwa amewahi zamu, aliingia mbio, akamwinamisha mbele, akampiga mgongoni kwa kiganja, akamwita muuguzi, na muda wote akimwambia, “Kohoa, Mzee wangu. Kohoa, baba. Kohoa.” Akakohoa. Mchuzi ukatoka.

Labda dakika moja yote hayo. Nilijiona nazeeka.

Otilia hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alisikiliza kifua cha Mzee, akasema tutaangalia kama homa itapanda. Kisha akaniuliza nilikuwa nataka kufanya nini hasa. Nikasema sarmale.

“Basi zipike, Baba Anghel. Ila ziwe za kumezeka.”

Nilipokuwa natoka, Mzee Pamfil aliniita kwa kidole. Pumzi imemrudia. Nikainama nipokee laana yangu. Akanong'ona kwamba chumvi imepungua.

Ijumaa, 10 Oktoba

Homa haikupanda. Nimewasha mshumaa kanisani, nikaapa: kesho mzee huyu anakula sarmale, au naacha kazi.

Jaribio la kwanza: vyote pamoja. Lipu.

La pili: nyama na wali peke yake. Wali umegeuka gundi. Otilia alichota, akainamisha kijiko. Hakikuanguka. Akakipindua kabisa, juu chini. Bado! Akasema chakula hiki kikifika kooni kitapiga kambi.

La tatu: nimeongeza mchuzi. Umezidi. Kimepita katikati ya meno ya uma kama mvua.

La nne: kabichi. Nyuzi! Sikujua kabichi ina nyuzi. Zimejiviringisha kwenye visu vya mashine, mashine ikalia, ikanyamaza, ikatoa moshi. Nimekaa dakika kumi nazing'oa kwa kibano.

Saa saba na nusu nilikuwa nimebaki na sufuria sita chafu na nguvu za kuangua kilio. Veturia akaingia. Sikumwomba msaada. Naandika wazi: sikumwomba. Nilisimama tu katikati ya jiko, nimeshika chujio.

Akafunga aproni. Akasema, “Toka hapo.” Akanitazama tena. “Aa, usitoke. Umelishika chujio juu chini. Ligeuze.”

Wali upunguzwe, uchemshwe mpaka uwe uji. Kabichi iondolewe mishipa yote migumu, ichemke saa tatu, isagwe, ichujwe, ichujwe tena. Nyama isagwe na mchuzi wake kidogo kidogo, ichujwe. Mkono wangu umekufa. Katikati nilisema inatosha. Akachovya kidole kwenye chujio, akanionyesha uzi mmoja, mwembamba kama unywele. Nikaendelea kuchuja.

Kwenye ladha aliniachia mimi. Nikaongeza siki, pilipili manga, bizari, na chumvi, ndiyo, chumvi. Akaonja. Akafumba macho. Akasema nyama yangu ya moshi inaishinda yake.

Nikamwomba arudie. Akakataa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Saa sita mchana. Sahani: vifurushi vitatu vidogo, kabichi nje, nyama ndani, tumevichora kwa mfuko wa kupambia keki mpaka ukiviona unaapa ni sarmale. Pembeni mamaliga, ugali wetu, umelainishwa kwa maziwa na kuchujwa. Juu krimu nzito chachu. Otilia akainamisha kijiko: tonge zima likateleza, likaacha kijiko karibu safi. Akajaribu kwa uma: halikupita. Akasema nenda.

Mzee alikuwa ameketi wima kitini. Nikaketi mbele yake, uso kwa uso. Kijiko kidogo. Nikamwambia, “Mzee, hizi ni sarmale. Inamisha kidevu kidogo.”

Akapokea. Akatulia. Nikaona koo likipanda na kushuka. Nilikuwa nameza pamoja naye, hata mate sina.

Akalamba mdomo.

“Mama,” akasema.

Nikadhani anamwita muuguzi, nikageuka kutafuta. Veturia alikuwa ameelekea dirishani, kitu kimemwingia jichoni. Mzee akasema tena: “Mama. Za mama.” Akafungua mdomo.

Dakika arobaini. Vijiko ishirini na tatu. Sikuharakisha hata kimoja. Vilipoisha akachukua kijiko mwenyewe kwa mkono mzima, akagonga meza, akidai nyingine, kama mlevi wa harusini!

Baada ya kula lazima akae wima nusu saa. Kawaida huwa naondoka. Leo nilibaki. Alinisimulia juu ya theluji iliyofunga reli, na abiria mia mbili, na yeye aliyewachemshia chai kwa maji ya injini. Neno moja, kisha lingine. Nilingojea kila moja.

Harusi mia mbili, na hakuna bwana harusi aliyewahi kunitazama vile.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kilo hamsini na moja na nusu! Hakuna mpira! Otilia amesema ataendelea kumpima kila wiki, ila kwa sasa Mzee anabaki nyumbani. Nikambusu Otilia mkono. Nikataka kumbusu na Veturia mkono, akanipa sufuria.

Mkurugenzi ameagiza tuyaandike mapishi yabandikwe ukutani jikoni. Nimeyaandika mimi, kwa mwandiko mzuri: SARMALE LAINI ZA ANGHEL. Jina la Veturia halikuenea. Karatasi ni ndogo. Penye “chuja mara mbili” nimeandika “chuja ukipenda”, maana mpishi mwenye kipaji hahitaji kufungwa kamba. Otilia ameirudisha na wino mwekundu kila mahali. Wivu wa vijana.

Lakini akili yangu imeshavuka huko. Mama Zenovia wa chumba namba nne, naye ni wa chakula laini, anatimiza miaka tisini wiki ijayo, na anataka keki. Keki! Nani mwingine wa kuiweza? Nimeshanunua lozi kilo mbili. Nzima nzima. Za kupambia juu tu. Otilia ataziona zikiwa mezani, na urembo wenyewe utamfunga mdomo.

Nilizitia kabatini saa mbili asubuhi. Saa nane, Veturia alipoingia zamu, hazipo. Veturia anasema hajaona lozi yoyote, na wakati huohuo anatafuna.

Haidhuru. Kesho nanunua nyingine. Nitazificha ndani ya buti zangu.