Vijiti vya Wachina na Benchi la Jerusa

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimefukuzwa kwa benchi. Mimi Kipkosgei, niliyechimba mashimo ya nguzo za kile kibanda! Naandika hapa kwa sababu nyumbani hakuna anayetaka kusikia.

Kisa ni andazi. Jerusa, yule mama wa watu wa ziwa anayeuza chai pale kituo cha kupimia majani chai, aliniletea andazi la asubuhi. Nikaliweka kwa benchi, nikalikalia. Nikasema ni mto mzuri, umenisaidia kiuno. Watu walicheka sana. Jerusa hakucheka. Alichukua kikombe changu kikiwa na chai nusu, akasema sitakalia benchi lake tena mpaka niseme pole mbele ya hao hao waliocheka.

Siwezi. Kusema pole mbele ya watu ni kuvuliwa suruali sokoni. Lakini bila lile benchi nitaishi vipi? Wakulima wote wa huku Kiptere huketi pale wakingoja lori la majani. Ng'ombe wa nani amezaa, pasta amenuniwa na nani, binti ya nani amerudi kwao na masanduku: yote hupita pale kabla ya kufika kwa redio. Leo nilisimama kwa uzio kama mbuzi wa mnada. Walicheka mara nyingi. Sijui walicheka nini. Hiyo ndiyo inaniuma.

Lakini nimepata dawa. Nitafungua kibanda changu, na benchi langu, mkabala na lake. Na sitauza mandazi. Nitauza vijiti vya Wachina.

Jumanne, 5 Agosti

Kwa faida ya watakaosoma hii nikishazikwa: Wachina walipotengeneza barabara yetu, mimi nilikuwa mlinzi wa kambi. Kila asubuhi mpishi wao alikaanga vijiti virefu vya unga. Vyepesi, nje vinavunjika kwa sauti, ndani hewa tupu. Jina la mpishi lilitushinda. Kwa kuwa aliamka saa ya kufungulia ng'ombe, tukamwita Kiplimo, jina la anayezaliwa saa hiyo, naye akaitika. Nilikula vijiti vya Kiplimo mpaka barabara ikaisha. Kupika sikuona vizuri, dirisha lilikuwa na mvuke. Lakini kula nilikula, na mtu anayejua kula amebakisha kidogo tu kuwa mpishi.

Mke wangu Rebeccah alikuwa shambani anachuma majani. Nikachukua unga wake wa ngano, hamira, chumvi, maji. Nikakanda. Nikakata mikanda, nikapandanisha miwili miwili, nikaibana katikati kwa sindano yake ya kufuma sweta. Hapo ndipo penye kazi. Ile miwili imeshikana mgongo, ikiingia kwa mafuta inasukumana kama ndugu wanaogawana shamba, na kwa kusukumana inafura. Kiplimo alinieleza hayo kwa mikono.

Haikufura. Ililala chini ya sufuria kama mamba. Nilipotoa kijiti kimoja nikakigonga kwa meza, meza ikapata alama. Rebeccah alirudi akauliza natengenezea nani mpini wa jembe. Nikampa mbwa. Mbwa amekizika nyuma ya choo.

Jumatano, 6 Agosti

Nimejua kosa. Baridi! Kiplimo alikuwa akiweka karai lake kando ya jenereta, unga unapata joto na kuumuka. Sisi hatuna jenereta. Tuna mwezi wa nane na ukungu unaoingia mpaka chini ya kitanda.

Nikakanda upya. Nikalaza karai kitandani, nikalala kando yake mchana, blanketi juu yetu sisi wawili. Si pasta akaja kutembea! Rebeccah, kwa aibu, akamwambia sijisikii vizuri. Pasta akaingia, akafumba macho, akaweka mkono juu ya blanketi mahali alipodhani ni tumbo langu. Aliombea lile karai kwa muda mrefu. Akatoka akimwambia Rebeccah kwa sauti ya chini kwamba tumbo la mzee limekuwa gumu na baridi, anipeleke hospitali.

Niliangalia unga baadaye. Hata maombi hayakuuinua.

Lakini nikiwa pale chini ya blanketi wazo lilikuja lenyewe. Kila mtu wa majani chai anajua: yakishindiliwa kwa gunia yanajipasha moto yenyewe. Ukitia mkono katikati unahisi kama umeugusa mgongo wa ng'ombe. Miaka yote tunapigana na huo moto usiharibu majani, na kumbe ni jenereta ya bure!

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango ulikuwa mzuri. Naandika hivyo kwanza kwa sababu hakuna mwingine atakayesema.

Asubuhi Rebeccah alimwaga vikapu vyake kwa gunia chini ya ukuta, akarudi shambani kumalizia mistari. Majani yake huyaacha yakiwa yamelegea, yapumue. Karani wa kituo, Kimutai, humsifu mbele ya watu. Nikatoa majani nusu, nikateremsha karai la unga katikati, nikafunika kwa kifuniko cha sufuria, nikarudisha majani, nikakanyaga. Nikakanyaga vizuri. Shabaha ilikuwa kulitoa kabla ya saa ya kupeleka.

Halafu nikaenda kwa Opondo, fundi wa mbao, mume wake Jerusa. Ndiyo, mume wake. Biashara haina chuki. Nilitaka benchi refu kuliko lile la Jerusa. Opondo alisema atanitengenezea ila mkewe asijue. Tukabishana juu ya miguu, kama itakuwa minne au sita. Nikataka sita.

Nikarudi nyumbani. Gunia hakuna! Lori lilikuwa limekuja mapema, na jirani mwenye pikipiki alikuwa amembebea Rebeccah mzigo.

Nilifika kituoni nikihema. Nikasimama kwa uzio, mahali pangu papya. Rebeccah alikuwa mbele ya mizani, amesimama wima, anajisifia kidogo vile gunia lake leo ni zito. Kimutai alifungua gunia. Akatia mkono mpaka begani kupima joto, kama anavyofanya kila siku. Akajaribu kuutoa. Ukakataa.

"Mama Dorine," akamwambia Rebeccah, "hii ni nini imenishika mkono?"

Alipouvuta ulitoka mweupe hadi kwenye kiwiko, na nyuma yake unga ukafuata, umekisukuma kifuniko pembeni, mrefu, laini, umeumuka vizuri kuliko wa Kiplimo mwenyewe. Nilitaka kupiga makofi. Nilijizuia.

Watu walisimama kutoka kwa benchi. Mmoja akasema kwa sauti kwamba hao ndio wanaoongeza uzito ili kuibia mizani, na kwamba mtu wa namna hiyo hunyimwa kupima majani hapa. Rebeccah, mwizi wa mizani! Mama ambaye hajawahi kurudishiwa hata jani moja! Aliangalia karai lake la bluu ndani ya gunia. Halafu akageuka polepole akaangalia uzio. Mimi nilikuwa naangalia mawingu.

Nani alimwokoa? Si mimi. Ulimi wangu ulikuwa umeganda, sijui kwa nini, huwa haugandi. Jerusa alitoka kwa kibanda na mwiko mkononi, akakata kipande cha unga kutoka kwa mkono wa karani, akakinusa.

"Kimutai, mwizi wa kilo huweka mawe. Nani anaiba na hamira?"

Akaingia ndani, akakivuta kile kipande, akakiweka kwa mafuta yake. Kilifura! Kilipinduka chenyewe, kikawa rangi ya dhahabu, kirefu kama mkono wa mtoto. Akakivunja mbele ya wote, kikalia. Wakagawana. Nilisikia hiyo sauti nikiwa kwa uzio, na harufu yake, kidogo ya mafuta na kidogo ya majani mabichi.

Kwa hivyo Rebeccah si mwizi. Lakini majani yalikuwa yamepata moto na kuwa mekundu, Kimutai akayakataa yote. Yamemwagwa. Kazi ya asubuhi nzima.

Ijumaa, 8 Agosti

Rebeccah hajanipigia kelele. Hiyo ni mbaya. Mke wa kelele unajua amefika wapi. Alinikabidhi sindano ya sweta, imepinda, akasema maneno machache: kwamba aliyemtetea jana ni mtu niliyekalia chakula chake, kwamba nitakwenda kusema pole kwa sauti, na kwamba mpaka siku hiyo mimi ni mpishi, basi nijipikie.

Nilijipikia. Mbwa alitoka nje.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimesema. Naandika vile ilivyokuwa, nisije nikaongezewa na watu.

Nilifika kituo kikiwa kimejaa. Nilikuwa na akili moja imebaki. Nikainama karibu na Jerusa nikasema pole kwa Kipsigis, lugha yetu, chini chini, haraka, kama mtu anayekohoa. Nilijua watu wa ziwa hawatashika kitu, nami nitakuwa nimesema.

Jerusa akaendelea kukoroga chai.

"Mzee, hicho Kipsigis nimezaliwa ndani yake, hapa hapa Kiptere," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti. "Rudia, Opondo pia asikie."

Nikarudia. Kwa Kiswahili. Nikasema pole kwa andazi, pole kwa kulikalia, pole kwa kuliita mto. Hata dereva wa lori akateremka kusikiliza. Nilipomaliza Jerusa akafuta benchi kwa kitambaa, mahali pangu, karibu na nguzo. Akaweka kikombe. Nikaketi. Nitasema ukweli, macho yaliingiwa na moshi. Hapakuwa na moshi mwingi.

Rebeccah alikuwa amekaa upande ule mwingine. Alinisogezea sukari bila kuniangalia.

Na habari, jamani! Siku tano tu na mambo yalikuwa yamejaa. Pasta ametangazia kanisa niombewe tumbo.

Jumanne, 12 Agosti

Jerusa sasa anakaanga vijiti kila asubuhi. Watu hawaviiti vya Wachina wala vya Kipkosgei. Wanaviita gunia. Nipe gunia mbili na chai. Nilivumilia.

Leo yeye mwenyewe aliniletea kimoja kwa sahani. Akasema mimi ndiye pekee hapa niliyekula vya Mchina, nionje, nimwambie ukweli. Aliniuliza mwenyewe! Mbele ya mashahidi. Mtu mzima akiulizwa hujibu.

Nikaanza na urefu, kwamba ni mfupi. Nikaja kwa rangi. Nikagusia mkono wa Jerusa, kwamba ni mzito, unabana unga kama anamkamata mwizi. Nilikuwa naanza habari ya chai yake, kwamba siku hizi ina ladha ya sufuria, nilipoona kikombe changu hakipo.

Naandika hii nikiwa nimesimama.

Si neno. Kutoka hapa kwa uzio mtu anaona vizuri, na nimeona jambo. Lori la majani hukaa pale muda mrefu injini ikinguruma, likingoja kupakiwa. Nimepita nikagusa boneti. Ni moto kuliko gunia lolote, na ndani kuna nafasi ya karai, kando ya betri. Dereva anaitwa Nyang'au. Mtu mpole sana. Bado sijamwambia.