Jogoo Aliyepeleka Watu Watamu

Kilonzo alikuwa na heshima zake. Hakuwahi kumwibia mtu hata siku moja. Yeye aliwasaidia watu kupoteza pesa, basi. Siku hiyo alikuwa ameketi katika hoteli moja karibu na soko la Kitui, mbele yake chai ya mkopo, ndipo sikio lake likanasa neno kutoka meza ya pili: bahari.

Walikuwa akina mama wa kanisa waliotoka kuuza ndengu, na msimu huo ndengu zilikuwa zimekubali. Mwenyekiti wao, Kavindu, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alikuwa akilalamika. "Mimi nimezaa, nimelea, nimezika mzee wangu. Bahari sijaona hata na jicho moja. Tutakufa tukiangalia maji ya tanki?"

Kilonzo alivuta kiti chake taratibu, akainamisha kichwa na kumwita mwaitu, jinsi mtoto mwenye adabu anavyomwita mama yake. "Mwaitu, samahani nimeingilia. Mungu ndiye amenikalisha hapa. Mimi napeleka watu Pwani. Watamu, Malindi, magofu ya Gede, huko kwangu ni kama shambani."

Ukweli ni kwamba mwisho wa safari zake kuelekea Pwani ulikuwa mji mdogo wa Kiboko, mbali kabla ya kufika Mombasa, ambako aliwahi kushuka garini kununua machungwa, gari likamwacha. Bahari aliijua kwa kuitazama kwenye simu tu, kila usiku kabla ya kulala.

"Gede iko aje?" akauliza mama mwingine.

"Wacha tu! Mji mzima wa mawe, wa watu wa kale. Uko juu ya mlima. Huku chini mawimbi yanagonga ukuta, puu! Ukisimama pale juu, unaona meli zikitoka Uarabuni."

"Na wewe hufurahi kila ukienda?" akauliza Kavindu.

"Aki mwaitu, mimi bahari imenichosha. Chumvi mpaka kwa meno. Siku hizi watu wakishuka kuogelea, mimi nabaki kwa gari nalala."

Hilo la mwisho hakuwa na haja ya kulisema. Lakini ubaya wa Kilonzo ni kwamba uongo ukimtoka vizuri, lazima auongeze sukari.

Kavindu alimtazama machoni. Kisha akasema, "Sawa. Njoo kanisani Jumapili. Mambo ya pesa tunafanyia huko."

Jumapili Kilonzo alifika amevaa suti ya kuazima. Hesabu zake zilikuwa zimekamilika: apokee pesa za safari, na jioni awe Nairobi. Alikuwa amekwisha kuuza pikipiki yake, mali pekee aliyokuwa nayo duniani, na pesa zake zilikuwa ndani ya simu zikingoja chumba cha kupanga na maisha mapya. Alikaribishwa kiti cha mbele, kile cha wageni. Alijisikia vizuri sana, maskini.

Ibada ilipoisha, watu hawakuondoka. Wasio na pesa taslimu walikuwa wameleta sadaka za shambani: malenge, mayai, miwa, na jogoo mmoja mwekundu aliyefungwa miguu. Mzee wa kanisa, Mutisya, akamwinua jogoo juu na kufungua mnada.

"Mgeni wetu ataenda mikono mitupu kweli?"

Kilonzo akataja bei. Kinuthia, mwenye duka la mabati, akapandisha. Kilonzo akapandisha tena. Kanisa likapiga makofi. Kila aliposita, Kavindu alikuwa akisema kwa sauti, "Huyo ndiye mtu wa bahari! Huyo si mtu wa kushindwa na mabati!" Kilonzo alijiambia kwamba chambo ni lazima kinone, akamnunua jogoo.

"Asante! Na wenye moyo huwa wananunua na kurudisha," akasema Mutisya, "ili auzwe tena."

Moyo anao nani, kama si Kilonzo? Akarudisha. Jogoo akauzwa tena, Kilonzo akamnunua tena. Akarudisha. Kufikia wakati jua limesimama kichwani, Kilonzo alikuwa amemnunua jogoo yule yule hadi simu ikamwambia kwamba salio halitoshi. Pikipiki yote ilikuwa imeingia ndani ya kuku mmoja.

Kavindu akasimama. "Bwana asifiwe! Mnada wa leo ulikuwa wa kukodisha basi la kwenda Pwani. Mgeni wetu amelilipia lote peke yake. Tunaondoka Alhamisi!"

Vigelegele vikapasuka. Kilonzo naye alipiga makofi, kwa sababu mikono ilihitaji kazi ya kufanya.

Alilia usiku huo, kusema kweli. Lakini kufikia Jumatano machozi yalikuwa yamekauka na wazo moja limebaki: liwe liwalo, ataiona bahari. Pikipiki imekwenda, basi na iende. Yeye atasimama ndani ya yale maji mpaka magotini. Alikuwa akiyataka maji yale tangu utotoni, na hakuwahi kumwambia mtu.

Alhamisi asubuhi alifika na kaptura mpya ndani ya mfuko. Kavindu alimpokea mlangoni mwa basi kwa upole mwingi.

"Kilonzo mwanangu, si ulisema bahari imekuchosha? Hatuwezi kukutesa hivyo. Kiti chako tumempa susu Kathini, nyanya mmoja wa Mwingi. Yeye hajawahi kuiona." Kisha akamwekea kitu mikononi. "Huyu ni wako. Ulimnunua vizuri."

Basi likaondoka likiimba. Kilonzo alibaki kituoni na jogoo kwapani.

Siku iliyofuata simu ililia. Ilikuwa picha ya akina mama kati ya kuta za mawe, miti pande zote, tumbili mmoja akichungulia ndizi za Kathini. Baada ya picha ukaja ujumbe wa sauti wa Kavindu.

"Kilonzo, huku Gede hakuna mlima. Ni msitu, na bahari iko mbali kidogo. Lakini hata ile siku ya chai nilijua hujawahi kuiona. Mtu aliyeichoka haiongelei macho yaking'aa hivyo. Mwaka ujao tunaenda tena, na kiti chako kipo, nimekuwekea. Ila wewe utalipa mapema, mwanangu. Siku hizi kuna matapeli."