Kibanio Kikubwa Kuliko cha Shemeji

Jumatatu, 9 Novemba
Gari linatetemeka na kukohoa. Springi moja ya valvu imekatika. Si mimi niliyegundua. Ni shemeji, kaka wa mke wangu, fundi magari. Alisimama getini, akatega sikio, akatoa hukumu. Hata kikombe cha chai hakukiweka chini! Akasema nimpelekee, kesho tu atamaliza. Nikamwambia ahsante, nitafanya mwenyewe. Mke wangu akafumba macho. Jumamosi anaagwa kazini, miaka thelathini ya uuguzi, na ameniomba kitu kimoja: afike kwa gari hili, lililomleta kwangu akiwa bibi harusi. Nimeahidi. Kaka yake hataingilia na hili.

Jumanne, 10 Novemba
Duka la vipuri. Muuzaji akanionyesha vibanio viwili vya kubania springi ili itoke. Kimoja ni mkono mfupi wa chuma, kinyonge, kama cha shemeji. Kingine ni chuma kikubwa kilichopinda, skrubu nene, kinang'aa. Akauliza hedi, kile kichwa cha injini kinachobeba valvu, inabaki kwenye injini au inatoka. Maswali gani haya! Nikamuuliza kipi kikubwa. Nikakibeba begani na kupita makusudi mbele ya gereji ya shemeji. Alicheka. Acheke.

Jumatano, 11 Novemba
Kibanio kina taya mbili. Ya juu inabana springi. Ya chini inashika valvu kwa chini. Chini ni ndani ya injini. Nimehangaika kwa saa tatu kuiingiza. Sasa naelewa swali la muuzaji. Kurudi kubadilisha? Nipite tena mbele ya gereji ile? Thubutu! Kung'oa hedi nako ni kazi ya siku mbili, na sina gasketi mpya ya kuizibia. Nitajitengenezea wenzo. Kitanda cha wageni kina chaga za chuma, nimechomoa mbili, na mgeni mwenyewe ni shemeji tu.

Alhamisi, 12 Novemba
Mke wangu kaleta ujumbe wa kaka yake. Eti kabla ya kubana, nichomeke kamba kwenye silinda kupitia tundu la plagi, nizungushe injini mpaka pistoni iisukume juu, ili valvu isidumbukie. Kamba! Ndani ya injini! Nia yake naijua: injini ikwame, yeye aje Jumamosi na gari lake lililooshwa. Nikasema kamba ni ya kuanikia nguo. Mke wangu akajibu kwa upole kwamba kaka yake hajawahi kunitakia mabaya. Miaka yote hii, bado yuko upande wao. Imeniuma, sitaficha.

Ijumaa, 13 Novemba
Springi mbovu imetoka! Wenzo umefanya kazi! Vile vidude viwili vinavyoifunga viliruka. Kimoja nimekipata kwenye beseni la nguo, kingine hakijulikani kilipo. Nilishangilia kwa sauti. Mke wangu akatoka na gauni la kesho, limepigwa pasi, akatabasamu, mara ya kwanza wiki hii. Nikaegemea injini kwa madaha. Ting! Valvu imedumbukia ndani ya silinda. Nimemwambia bado kidogo tu.

Jumamosi, 14 Novemba
Hakugomba. Bora angegomba. Alikaa sebuleni saa nzima, amevaa, mkoba mapajani, akinisikia nikijaribu kuopoa valvu kwa sumaku. Kisha akampigia kaka yake. Shemeji leo hakucheka. Alimfungulia dada yake mlango, akanisalimu kwa heshima, akaniomba nipande twende wote. Heshima hiyo sitamsamehe. Nikaonyesha mikono yangu ya oili, nikabaki. Jioni mke wangu amerudi na shada la maua. Nikauliza kwenye kiti changu alikaa nani. Akasema aliweka mkoba.

Jumapili, 15 Novemba
Nimetafakari kwa kina na kukubali ukweli. Valvu haitoki bila kung'oa hedi. Hedi ikishatoka, kamba haina kazi. Kibanio kifupi cha shemeji hakina kazi. Kinachotakiwa ni kibanio kikubwa chenye taya mbili. Changu! Kumbe nilichagua sawasawa tangu Jumanne! Nimemfuata mke wangu jikoni kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akasema kuanzia leo atalala chumba cha wageni. Nimemwomba avumilie kidogo. Chaga moja naweza kuirudisha. Nyingine naihitaji kung'olea hedi.